Mgomo Wetu wa Kunyamaza

Mwaka nilioanza kazi ni ule tuliokula michembe mpaka watoto wakawa wanalia wakiiona. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani. Ukiila kwa kupenda, na karanga pembeni, ni mitamu. Sisi hatukuila kwa kupenda. Mvua ilikuwa imetukataa, mtama ulikufa ukiwa urefu wa goti, ng'ombe walilala chini wasiinuke tena. Uhuru ulikuwa ndiyo kwanza umeingia. Tulipiga vigelegele, tukarudi nyumbani, tukachemsha michembe. Ndiyo maana mtu akiniuliza nilianza kazi lini, sitaji tarehe. Nasema mwaka wa michembe, na wa rika langu wananielewa.

Mume wangu, Baba Limi, alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Aliagiza nimfuate, maana mgodini posho ya chakula haikukosekana. Nikafika na mtoto mgongoni, na kesho yake akanipeleka jiko la kambi. Lilikuwa banda refu lenye masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama ndani yake. Mkubwa wa pale alikuwa nyapara wa jiko, mwanamume mfupi aliyebeba mwiko begani kama askari na bunduki.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Unajua kuchagua?"

"Kuchagua nini?"

"Maharage, mama. Wachumba hatuchagui hapa."

"Nimezaliwa nikichagua."

"Tutaona. Mchimbaji akivunja jino kwa jiwe, nang'oa la kwako nimpelekee."

Nikaajiriwa hivyo. Kutwa nzima nilikaa chini na ungo, magunia ya maharage yakiletwa na mawe yake, vijiti vyake na mavi ya panya yake. Ninyi mnaodhani kuchagua ni kazi ya mtu asiye na kazi, jaribuni gunia moja. Macho huchoka kabla ya saa nne asubuhi, na baada ya hapo vidole ndivyo vinavyoona. Maisha yangu yote ya ajira nimekuwa mchaguzi, kwanza wa maharage, baadaye wa pamba, na hakuna mkubwa aliyewahi kulipata jiwe kwenye ungo wangu. Nalisema hilo bila aibu.

Kule mgodini ndiko nilikouona mgomo kwa macho yangu mara ya kwanza. Wachimbaji walikuwa wanashuka shimoni kwenye maji, miguu ikiwaoza, wakataka mabuti. Waliomba mmoja mmoja, wakajibiwa mmoja mmoja, yaani hawakujibiwa. Asubuhi moja zamu nzima ikaja hadi mdomo wa shimo, ikaweka zana chini, ikakaa. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe. Nyapara wa jiko akatuamuru tusipike, kwamba asiyefanya kazi asile.

Mpishi mkuu, mzee wa Kizinza asiyesema sana, akamwambia, "Maharage nimeshayaweka motoni. Unataka niyarudishe gunia?" Tukapika. Watu wakala wakiwa wamekaa chini pale pale.

Siku ya pili mkubwa wa mgodi, Mzungu, akatoka ofisini na kuketi juu ya sanduku. Mbele yake walikaa wachimbaji watatu waliochaguliwa na wenzao, pamoja na katibu wa chama cha wafanyakazi. Wakaongea mpaka jua likageuka. Mabuti yakaja. Usiku Baba Limi akanieleza kilichotokea, naye alikuwa na kipaji cha kueleza. Akasema, "Mmoja akisema peke yake, wanaita malalamiko. Wote wakisema pamoja na mkubwa akaketi, hayo ni mapatano, na yanamfunga hata yeye." Nikadhani kazi zote duniani ziko hivyo.

Hazikuwa hivyo. Haikupita miaka mingi sheria zikabadilika. Mgomo haukukatazwa kwa jina lake, la. Uliwekewa ngazi. Mkiwa na neno, mnalipeleka kwa kamati ya wafanyakazi. Likishindikana linakwenda kwa Afisa Kazi, ambaye sisi tulimwita Bwana Kazi. Likishindikana tena linapanda kwa waziri, na kutoka kwa waziri linakwenda kwenye baraza la kuamua mashauri ya kazi. Likiamua, limeamua. Ukiacha kazi kabla ya kuimaliza ngazi yote, wewe ndiye mkosaji. Na ukishaimaliza, hakuna tena cha kugomea, kwa sababu umeamuliwa. Tuliambiwa nchi sasa ni yetu, na mtu hagomi dhidi yake mwenyewe. Maneno hayo yalikuwa na utamu wake, sikatai. Lakini mguu unaooza unaoza tu, hata nchi ikiwa yako.

Mgodi ule ukafungwa. Walisema dhahabu hailipi tena. Tukarudi Shinyanga. Baba Limi akashika jembe, alime pamba, nami nikapata kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Mwanzoni kilikuwa cha tajiri mmoja, kisha kikawa cha ushirika, kisha kikawa cha umma. Wenye mali walibadilika, vumbi lilikuwa lile lile.

Nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi naona watu wanavaa pamba na hawajui imepita mikononi mwa nani. Mkulima analeta pamba ikiwa na mbegu ndani. Iliyo nyeupe na kavu inaitwa safi. Iliyonyeshewa, au iliyotobolewa na wadudu ikawa na manjano kama meno ya mvuta tumbaku, inaitwa fifi. Mkulima ametakiwa azitenganishe nyumbani, lakini mkulima naye ni mtu, ana ng'ombe, ana watoto, anachanganya. Kwa hiyo sisi wanawake tulikaa kwenye ukumbi wa kuchagulia, safu kwa safu kuzunguka rundo, tukitoa fifi na takataka. Safi ikajazwa kwenye matenga, matenga yakapelekwa kwenye roli, mashine inayong'oa nyuzi kutoka kwenye mbegu. Nyuzi zikaenda kwenye presi, zikagandamizwa zikawa robota, mzigo mgumu kama ukuta, ukapakiwa treni kwenda pwani.

Sasa sikilizeni hili, ndilo kiini cha habari yangu. Roli haipendi kulishwa kwa kushtukizwa. Inataka matenga yaje kwa mwendo mmoja. Na mwendo ule haukutoka kwa nyapara wala kwa king'ora. Ulitoka kwenye wimbo. Sisi Wasukuma hatulimi kimya, hatupuri mtama kimya, na ukumbini hatukuchagua kimya. Manju, yaani kiongozi wa wimbo, anaanza mstari, wote wanapokea, na kila wanapopokea, mikono yote inaingia rundoni kwa pamoja. Mwenye kasi anazuiwa na wimbo asiwaache wenzake, na aliyechoka anavutwa na wimbo asibaki nyuma. Manju wa ukumbi ule nilikuwa mimi. Sikupewa cheo. Nilianza siku moja, wakapokea, basi.

Aliyekaa kulia kwangu alikuwa Kabula. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mdomo kama wembe. Tulikuwa wote wa msimu: tunaajiriwa pamba ikianza kuingia, tunaachishwa ikiisha, na mwaka unaofuata tunasimama tena getini kuchaguliwa kama fifi na safi. Nyapara alikuwa akipita na fimbo akisema, "Wewe ingia, wewe ingia, wewe rudi nyumbani." Siku moja alimwambia Kabula ageuke amwone vizuri. Kabula akamjibu, "Nigeuke nini, umekuja kununua mbuzi?" Geti zima likacheka, na nyapara naye akacheka, akamwacha aingie. Huyo ndiye Kabula.

Ule mwaka mbaya ulikuwa mwaka wa yanga. Mtaukumbuka, mliokuwa na meno wakati huo. Njaa ilikuwa nchi nzima, serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, tukala ugali wa rangi ile, mgumu kooni, tukaupa jina la yanga. Mtu mwenye kazi mwaka ule alikuwa anaishikilia kwa meno. Na mwaka huo huo pamba ilikuwa inaibwa jineri. Watu walikuwa wanapitisha mafurushi madirishani usiku. Meneja akaamuru madirisha ya ukumbi yapigiwe mbao na misumari.

Simsingizii meneja huyo. Alikuwa kijana wa pwani, msomi, mpole, anayesalimia watu vizuri. Juu yake kulikuwa na wakubwa waliomuuliza kila wiki marobota yako wapi. Lakini alifunga madirisha ya ukumbi wenye wanawake, akaliacha vumbi la pamba ndani pamoja nasi. Vumbi lile si kama la barabarani. Ni manyoya. Linaingia puani, linakaa kifuani, halitoki. Tulikuwa tunakohoa mpaka wimbo unakatika. Kabula ndiye aliyekohoa kuliko wote, maana kifua chake hakikuwa na nguvu tangu utotoni.

Tulipeleka neno kwa kamati ya wafanyakazi. Kamati ilikuwa ya wanaume wa kudumu, wa roli na wa presi. Mwenyekiti wake, fundi wa presi, akatuambia, "Mama zangu, nawaelewa. Lakini kamati ni ya wanachama, na ninyi ni wa msimu. Ngoja niangalie." Tukangoja. Asubuhi moja Kabula alikohoa, akakohoa, akainuka akiwa ameshika mbavu. Akatoka, akarudi na nyundo ya fundi. Hakusema neno. Akagonga mbao za dirisha la kwanza, zikaanguka nje. Akagonga za pili. Hewa ikaingia, na mwanga, tukaona vumbi lote tulilokuwa tunakula linavyoelea.

"Haya, imbeni sasa," akasema, akakaa chini, akaendelea kuchagua.

Kabla ya saa ya chakula nyapara mkuu alikuja na mlinzi. Kosa lilitajwa kuwa kuharibu mali ya umma. Kabula aliinuka, akakung'uta kanga yake, akamwambia mlinzi, "Usinishike, geti nalijua." Akaondoka. Mbao zikapigiliwa tena tukiwa tunaangalia.

Nyapara mkuu akageukia upande wangu. "Haya Mama Limi, anza."

Nikafungua mdomo. Sikuwa nimepanga lolote, na sitaki mtu aje aandike kwamba nilikuwa na mpango. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikatia mkono rundoni, nikachagua. Wenzangu wakaniangalia, nao wakatia mikono. Kimya. Tukachagua kwa haki kabisa, fifi huku, safi huku, kila mtu kwa mwendo wake.

Ndipo ilipojulikana wimbo ulikuwa unafanya nini mle ndani. Matenga matatu yanakuja kwa mpigo, kisha hakuna tenga, kisha moja. Roli zikawa zinanguruma tupu. Presi ikasimama kungoja. Wanaume wakatoka nje kuvuta sigara.

Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu meneja akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akavua kofia. Alituangalia tulivyoinama bila sauti, uso wake ukalegea kwa huruma. Akamuuliza nyapara kitu kwa sauti ya chini, akaondoka taratibu. Mchana likaja gunia la mchele. Mchele, mwaka wa yanga! Na sukari juu yake. Aliyeleta akasema, "Meneja anatoa pole kwa msiba."

Tukatazamana. Yule kijana alikuwa amesikia kwamba Wasukuma huacha nyimbo zao wakifiwa, na ni kweli huacha. Akadhani tumefiwa. Mama mmoja mzee akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tumwambie?" Mwingine akamjibu kabla yangu, "Kwanza tule." Tukala wali ule mpaka sufuria ikang'aa. Nacheka mpaka leo nikikumbuka, na ni kati ya mambo machache ya mwaka ule yanayonichekesha.

Alipoambiwa ukweli, alikasirika kuliko ambavyo angekasirishwa na mgomo wa kweli. Mtu mpole ukimfanya aonekane mjinga, upole unaisha. Lakini angefanya nini? Mijini wakati ule wanaume walikuwa wanafunga mageti na kuwaacha mameneja nje, wakitamba na mwongozo wa chama tawala uliosema wakubwa wasiwaonee watu. Baadhi yao walipakiwa malori wakarudishwa makwao, kazi zimekwisha. Sisi hatukufunga geti. Tulifika king'ora kikilia, tukatoka king'ora kikilia, mikono haikusimama. Mwenyekiti wa kamati alikuja kutuonya kwamba mgomo ni kosa. Nikamuuliza mgomo ni nini. Akasema ni kuacha kazi. Nikamwonyesha tenga langu. Akakuna kichwa.

Basi wakaketi. Meneja, nyapara mkuu, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na kamati ya wanaume. Sisi tulionyamaza hatukuitwa. Walikaa mchana mmoja, wakatoka na mapatano. Madirisha yafunguliwe na kuwekewa nondo badala ya mbao. Wanawake wa ukumbini wapewe vitambaa vya pua. Matenga yarudi kwenye mwendo. Mwenyekiti alikuja kututangazia akiwa anacheka, "Mmeshinda, mama zangu!"

"Na Kabula?" nikauliza.

"Kabula alikuwa wa msimu," akasema. "Hatukuweza kumweka mezani."

Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale maneno ya Baba Limi ya mgodini, nikaona upungufu wake. Mapatano yanamfunga mkubwa kweli, lakini yanamkinga yule tu aliyehesabiwa kuwa mtu. Mwanamke aliyefungua dirisha alikuwa nje ya geti, na dirisha likawa wazi.

Meneja akaniita ofisini. Akanivutia kiti.

"Kaa, Mama Limi."

"Nakaa kutwa, Bwana Meneja. Acha nisimame."

"Madirisha nimefungua. Vitambaa vinakuja. Wenzako wameridhika. Na wewe nataka uwe nyapara wa ukumbi, kazi ya kudumu, na chumba cha kambi. Unataka nini tena?"

"Kabula."

"Kabula kavunja mali ya umma."

"Kavunja mbao. Mbao zile zile umezing'oa mwenyewe jana. Je, na wewe utafukuzwa?"

Alitaka kucheka, nikamwona. Kisha akajizuia. "Mama yangu, nikimrudisha yeye, kesho kila mtu atakuja na nyundo. Nina wakubwa. Wewe anza kuimba, mambo ya Kabula tutayaangalia taratibu."

Taratibu ya ofisi naijua. Nikamwambia, "Siimbi mpaka Kabula arudi."

Wiki ile ile akaja Bwana Kazi kutoka mjini, na gari la serikali. Alikuwa mzee wa makamo mwenye macho yaliyochoka, nadhani kwa kusikiliza watu kama sisi. Akaniita kando, kwenye kivuli cha ghala.

"Wewe ndiye manju?"

"Ndiye mimi."

"Unajua kwamba kugoma bila kufuata ngazi ni kosa la sheria?"

"Sijagoma, mzee wangu. Sheria inasema niimbe?"

Akafuta miwani kwa shati. "Haisemi," akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini na huyo Kabula haimsemi, mama. Kamati haiwezi kumtetea, chama hakimtambui. Mimi nikiandika, nitaandika nini? Mkataba wake ulikuwa unaisha na msimu hata hivyo. Usijiharibie. Imba."

"Siimbi mpaka Kabula arudi."

Akaingia garini. Sikumwona tena.

Wenzangu walirudia kuimba kabla ya msimu kwisha. Alipatikana manju mpya, binti wa Masumbwe mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Siku ya kwanza alikuja kwangu machozi yakimlenga. "Mama Limi, usinichukie. Watoto hawashibi kunyamaza." Nikamwambia, "Imba, mayu," yaani mama kwa Kisukuma chetu. "Mimi siwakatazi. Naongea habari ya koo langu tu." Na nilisema kweli. Mwaka wa yanga, mtu aliyemlaumu mwenzake kwa kutaka kula alikuwa na akiba mahali.

Mimi wakaniondoa ukumbini. Wakasema manju asiyeimba anaharibu mwendo. Nikapelekwa kwenye mbegu, nyuma ya roli, kushona magunia na kuyavuta. Mbegu zinatoka zikiwa na joto na kelele, huko hakuna anayesikia wimbo wala kimya chako. Nilikaa huko miaka mingi. Mgongo huu mnaouona umepinda ulipindia kule. Cheo cha nyapara sikupata, chumba cha kambi sikupata. Kazi ya kudumu niliipata mwisho mwisho, serikali ilipoamuru wa msimu wa muda mrefu waandikwe. Nayo ilinikuta nimeshachoka.

Na Kabula? Kila msimu ulipofunguliwa alikuja getini kusimama na wengine. Kila msimu nilitoka na kwenda kumwombea. Manyapara walibadilika, mameneja walibadilika. Yule wa pwani alihamishwa, akaja mwanajeshi mstaafu, akaja mhasibu aliyeogopa kila kitu. Kila mmoja nilimkumbusha, na kila mmoja alisema hilo lilikuwa kabla yake. Nyapara alipita na fimbo, "Wewe ingia, wewe ingia," na kwa Kabula fimbo iliruka. Mwanzoni alikuwa akirusha mzaha. "Ruka tu, ukianguka nitakuinua." Baadaye akaacha mzaha, akawa anasimama tu. Kisha akawa anakuja amechelewa, amejifunga shuka kifuani, ananiambia, "Leo sikuja kwa kazi, mayu. Nimekuja kukusalimia." Halafu anasimama kwenye mstari hata hivyo.

Aliishi kwa kuuza karanga pale pale nje ya geti, kwa wale wale waliokuwa wanaingia. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Niambie niimbe, yaishe. Labda wakifurahi watakuchukua." Akakohoa, akanijibu, "Ukiimba watakuwa na wimbo na mimi sitakuwa na kitu. Kaa hivyo hivyo." Nikakaa.

Alikufa wakati pamba ikiwa bado mashambani, kabla geti halijafunguliwa. Tulimzika kwao, kwenye udongo mweusi unaonata. Wanawake wa ukumbini walikuja wote. Nilimwosha kwa mikono yangu. Kifua chake kilikuwa kimebaki mbavu tu.

Ninyi mnaofanya kazi leo, nasikia sheria zimeandikwa upya, na mgomo sasa una mlango wake. Ni vizuri. Siwezi kusema mengi juu ya sheria nisizozisoma. Ninalojua ni hili: kabla hamjashangilia mapatano yoyote, angalieni ni nani hakuitwa mezani. Mfagiaji, wa msimu, wa mkataba wa siku. Huyo ndiye atakayelipia dirisha lenu. Siwahubirii. Nimechoka kuhubiri, na waliokuwa wanapaswa kusikia wamekufa au wamepata pensheni. Usiku mwingine nakohoa, namkumbuka, nalala.

Siku ya kustaafu kwangu walifanya sherehe kwenye ukumbi ule ule wa kuchagulia. Pamba ilikuwa imeondolewa, viti vikapangwa, madirisha wazi, upepo unapita. Tulikuwa wastaafu wachache. Nilipewa jembe, blanketi na redio. Meneja wa wakati huo alikuwa kijana mchangamfu, mgeni kabisa wa mambo yetu, na mtu alikuwa amemnong'oneza nusu ya habari. Akasimama na kipaza sauti.

"Mgeni rasmi, naambiwa Mama Limi zamani alikuwa manju wa ukumbi huu, roli zilikuwa zinakwenda kwa sauti yake! Mama, kabla hujatuacha, tuimbie japo mstari mmoja."

Watu wakapiga makofi, ila wanawake wa zamani hawakupiga. Yule binti wa Masumbwe, sasa naye ana mvi, akaniinamia akaniambia, "Mayu, hajui." Nikajua kwamba hajui. Kijana akaniletea kipaza sauti mpaka mdomoni, anatabasamu.

"Siimbi mpaka Kabula arudi."

Sauti yangu ikatoka kwenye spika, ikagonga ukuta. Meneja akacheka kidogo, akaangalia huku na huku.

"Kabula ni nani? Aitwe basi, aje tumsikie naye!"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeinuka. Mtu fulani nyuma alikohoa. Kijana akaona kuna jambo, akashusha kipaza sauti, akaniinamia sikio kwa adabu.

"Samahani, mama yangu. Umesemaje?"

"Siimbi mpaka Kabula arudi."